Dawa ya kansa kwa mtoto wa SS: hofu ipi ina uzito?

Mzazi wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliyeandikiwa hidroksiurea kwa ajili ya mtoto wake wa SS, yaani mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi unaokunja chembe nyekundu za damu, akisoma karatasi iliyomo ndani ya boksi anakuta neno kansa. Si ajabu boksi likabaki kabatini. Na hajasoma vibaya: Marekani iliiruhusu dawa hii mwaka 1967 kwa ajili ya saratani, na mpaka leo hutumika kushusha chembe nyeupe za wagonjwa wa lukemia, saratani ya damu. Kwa selimundu iliruhusiwa mwaka 1998, wakati huo kwa watu wazima tu. Kazi yake huku ni tofauti kidogo: huufanya mwili utengeneze tena hemoglobini ambayo mtoto huwa nayo tumboni mwa mama, ambayo huzuia chembe nyekundu zisijikunje.

Wanaoiita sumu wana kibarua mbele ya utafiti wa REACH, uliowatibu watoto 606 wa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka, na kuongezewa damu kutoka 43.3 hadi 14.2. Hata malaria ilipungua kwa nusu, ilhali wengine walihofia ingezidi. Ni kweli watoto walilinganishwa na hali yao wenyewe kabla ya dawa, bila kundi la pembeni lisilopewa dawa. Lakini Lubumbashi, ambako kutafuta mfuko wa damu usiku huamsha ukoo mzima, hiyo tarakimu ya damu peke yake inanitosha.

Hofu ninayoiheshimu ni nyingine. Dawa ikizidi hukandamiza uboho, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza chembe za damu. Chembe nyeupe zinashuka, mtoto anabaki bila kinga. Ndiyo maana lazima damu ipimwe mara kwa mara, na kwetu mzazi hulipia daktari, labo na dawa kutoka mfukoni. Pesa ikipungua, ataruka kipimo kwanza. Tena kapsuli iliyozoeleka ni ya miligramu 500, wakati mtoto wa kilo 10 huanza na 150 hadi 200 kwa siku. Kuifungua na kukadiria kwa kijiko ni kubahatisha.

Basi tungoje mpaka labo iwe karibu? Baadhi ya madaktari wanasema ndiyo. Mimi naegemea dozi ndogo isiyopandishwa: Nigeria, kwa watoto walio hatarini kupata kiharusi, miligramu 10 kwa kilo haikuonyesha tofauti ya wazi na 20 katika kukizuia, ingawa wa dozi ndogo walilazwa mara nyingi zaidi. Na vidonge vya miligramu 100 vinatengenezwa. Waagizaji wa dawa wavilete hivyo kabla ya shehena nyingine ya kapsuli za watu wazima.