Anayeandika vichekesho naye atajwe

Uliza mtu yeyote hapa Bongo akutajie wachekeshaji, atakutajia King Majuto, Joti, Masanja, ataendelea mpaka umzuie mwenyewe, alafu sasa muulize nani alikaa chini akaandika yale maneno. Anabaki anakuangalia tu. Hili jambo linaniuma kweli, na kila nikiliongelea naambiwa aah vichekesho ni kipaji bana, mtu kazaliwa nacho, ukimpa maiki imeisha hiyo. Mi sikubali hata kidogo, na wanaonipa nguvu ya kukataa ni Waingereza wawili, Ray Galton na Alan Simpson, walioandika komedi za redio na TV pamoja kwa karibu miaka 30, kila kazi majina mawili, na mpaka leo ukisoma kuhusu komedi ya Uingereza huwezi kuwaruka.

Walikutana 1948 wakiwa wagonjwa. Wamelazwa hospitali ya TB ya Milford, kule Surrey, sehemu ya aina ya Kibong'oto yetu ya Siha, vijana wa miaka 18 hivi, na enzi zile TB haikuwa ya kumeza dawa miezi sita huku unaenda kazini, ulikuwa unalala kitandani muda mrefu mno na wenzako wengine hawatoki. Wakawa wanasikiliza komedi za redio, wakaanza kuandika vipande vyao wenyewe vikarushwa kwenye redio ya humohumo hospitalini. Walipotoka wakawaandikia barua Frank Muir na Denis Norden, ambao nao walikuwa wawili wanaoandika komedi za redio, wakaomba ushauri, wakaambiwa pelekeni kazi yenu BBC. Wakapeleka. Kufika Novemba 1954 wakawa wanamwandikia mchekeshaji Tony Hancock kipindi chake cha redio, Hancock's Half Hour, na kuanzia 1956 kikaingia kwenye TV pia.

Kinachonivutia zaidi ni namna walivyokuwa wanafanya kazi. Simpson anakaa kwenye mashine ya kuchapia, Galton anazungukazunguka au amelala sakafuni, na hakuna neno linaloingia kwenye karatasi mpaka wote wawili wamelikubali. Mmoja akitoa kitu mwenzake asipocheka, hakiandikwi. Wanaweza kukaa kimya muda mrefu sana, kila mtu anawaza kivyake, kuliko kuandika kitu cha kuziba pengo tu. Kwahiyo mpaka skripti inafika studio ilishapita kwa mtu mmoja mgumu kumchekesha kuliko wote, manake anajua mbinu zako zote. Hapo ndo naona faida ya kuandika wawili, mtu peke yake usiku anajichekesha mwenyewe anaona ameua, kesho inasomwa mbele za watu hakuna hata anayetabasamu.

Na ujasiri walikuwa nao. Kuna kipande cha redio cha 1958, Sunday Afternoon at Home, Jumapili mchana, mvua inanyesha nje, watu wanne wamekaa ndani hawana la kufanya. Hakuna kinachotokea, yaani hakuna kabisa! Hancock anapumua kwa nguvu, anauliza saa ngapi sasa, kimya, anaanza kuona sura za watu kwenye maua ya karatasi ya ukutani, kimya tena. Redioni! Sehemu ambayo kila prodyuza anaogopa sekunde tatu za ukimya msikilizaji asije akahama stesheni. Wao waliuandika ule ukimya, na ndo unaochekesha, kwasababu kila mtu anaijua ile Jumapili.

Mwaka 1961 Hancock akaachana nao. Alikuwa staa mkubwa, alitaka kwenda kivyake, na kwa maoni yangu hakufika tena pale alipokuwa nao, alifariki 1968 Australia, amejiua, inasikitisha mno. Galton na Simpson nao BBC ikawaambia andikeni vipindi 10 vya nusu saa, chochote mnachotaka. Cha nne kiliitwa The Offer, kilirushwa Januari 1962, baba na mwana wanaokusanya skrepa na makorokoro London kwa mkokoteni wa farasi, na mtoto mwenyewe ni mtu mzima wa karibu miaka 40 anayetaka kuondoka nyumbani aanze maisha yake. Anapakia vitu vyake vyote kwenye mkokoteni. Baba anamnyima farasi. Basi anashika mkokoteni mwenyewe avute, anavuta, hausogei, anavuta tena huku anaongea peke yake, mwisho anaishiwa nguvu analia, machozi kabisa, na baba anamrudisha ndani kunywa chai. Hiyo ni komedi jamani. Aliyecheza huyo mtoto, Harry H. Corbett, alikuwa mwigizaji wa michezo ya jukwaani ya kawaida, siyo mchekeshaji, na waandishi walimtaka mtu wa hivyo makusudi, aseme maneno kama yalivyoandikwa bila kuangalia kama watu wanacheka. Kikazaa Steptoe and Son, kipindi kilichokuwa na nguvu mpaka uchaguzi wa 1964 Harold Wilson, kiongozi wa chama cha Labour, akawaomba BBC wakisogeze siku ya kura, akiogopa watu wake watabaki nyumbani kuangalia. Kikasogezwa, na chama chake kikashinda kwa viti 4 tu zaidi ya vyama vingine vyote pamoja. Wamarekani nao wakakichukua 1972 wakakiita Sanford and Son, familia ya watu weusi Los Angeles, na chenyewe kikapendwa sana.

Sasa rudi kwetu. Nimeshakaa na watu wanaoandika komedi za TV, mtu anapewa siku mbili vipindi vinne, peke yake, hela kidogo inayochelewa, jina lake mwisho wa kipindi linapita haraka hata kulisoma huwezi, alafu tunashangaa kwanini komedi imejaa kupiga kelele na kujipaka masizi usoni. Vipaji tunavyo vingi tu. Wapeni waandishi wawili chumba na wiki mbili, walipeni wote, majina yao yawekwe mwanzoni pamoja na ya mastaa, na wakiandika mtu analia waacheni, msiwaambie ongezeni utani hapo.

Na kama we ni mwandishi na una bando, anza na ile ya Jumapili ya 1958, isikilize gizani simu ukiwa umeiweka pembeni, alafu ndo uende The Offer. Kiingereza chao ni cha zamani kidogo ila utaelewa tu.