Askari Wangu Wameyeyushwa Machubwi

Mie sina ugomvi na mtu. Lakini naomba mniambie, mchezo gani huu unaobadilisha kanuni mara nyingi kuliko bei ya petroli?

Nimekaa zangu barazani hapa Wete, kahawa chungu mkononi, kashata kwenye kisosi, mara kijana wa dada yangu katokeza na begi. Kazaliwa Uingereza, kaja likizo kuwaona wakubwa. Nikadhani begi la nguo. Nguo alizokuja nazo ni suruali mbili na kanzu ya kuazima! Begi zima ni askari wa plastiki, kila mmoja kalazwa ndani ya sponji, kwenye kishimo chake, kama yai. Mie nasafiri kwenye boti ya Unguja kila mwezi na sijawahi kulazwa hivyo.

Nikamshika mmoja. Moyo ukanipiga.

"Huyu namjua," nikasema.

Kijana akatabasamu, lile tabasamu la kumwonea mzee imani. "Mjomba, na wewe unaijua Warhammer?"

Naijua! Mchezo wa vita vya mezani, wa askari wa sanamu, dadu na futi. Mwanangu, mie nimepigana vita vya mwaka wa elfu arobaini wewe mamako bado anaruka kamba.

Mwaka 1988 mjomba wangu baharia, Mungu amrehemu, alirudi safarini na gunia. Ndani mna sabuni za kunukia, redio isiyolia, na kitabu kinene chenye picha za watu waliovaa vyuma wakigombana. Pamoja nacho, vijisanamu 23 vya madini ya risasi, vidogo kama kidole gumba. Kitabu kilikuwa kimetoka mwaka mmoja nyuma, 1987. Mwandishi wake Rick Priestley, kampuni yake Games Workshop ya huko Nottingham. Jina limeandikwa kwa maherufi makubwa: Warhammer 40,000, na chini yake Rogue Trader.

Sasa Kiingereza nyumbani alikuwa nacho kaka yangu tu, na chenyewe cha skuli. Akachukua kamusi. "Rogue" ni ayari, laghai. "Trader" ni mfanyabiashara. Akaunganisha, akatangaza kwa sauti mbele ya watu: "Mfanyabiashara wa Magendo."

Lahaula. Pemba hii, zama zile, karafuu mnunuzi wake ni serikali peke yake, na wanaovusha magunia usiku kwenda Mombasa wakikamatwa hawaulizwi hali. Bibi akasikia neno magendo limetamkwa uwani kwake. Kitabu kikaenda kulala chini ya gunia la mpunga wiki mbili, mpaka mjomba alipokuja kuapa kwamba magendo yaliyomo humo ni ya kwenye nyota, na huko nyotani hakuna mtu anayemjua.

Ndipo tukaanza. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, maana vijana wa leo wanadhani vitu vilizaliwa vimekamilika.

Kitabu kile kilitaka dadu za kila namna, za pande nne, nane, kumi, kumi na mbili, ishirini. Sisi dadu tulikuwa nazo mbili, za ludo, moja imeliwa pembe na panya na ikipenda sana kutoa sita. Ukitakiwa kupata namba baina ya moja na mia, tulitia vikaratasi mia ndani ya kofia ya ami, unafumba macho unachota. Upepo wa kusi ukivuma, namba zinaruka mpaka kwa jirani. Mara mbili tumebisha hodi: "Samahani bibi, hatujaacha sabini na nane hapa?"

Kupima masafa tulitumia futi ya fundi cherehani. Askari alikuwa akienda inchi nne, na futi ya fundi ilianzia inchi ya tatu kwa sababu ncha imekatika. Basi kila hatua ilikuwa na hesabu ya kutoa. Hesabu nimejifunza pale, wala si skuli. Ingawa na zenyewe hazikunikaa, na sababu sasa naijua: mkono wa askari ukipinda tulikuwa tukiunyoosha kwa meno. Risasi tupu! Madaktari wanasema inadumaza akili za watoto. Mke wangu ameipokea habari hii kwa furaha, anasema yako mambo mengi sasa yamemfunukia.

Maadui, yale majitu ya kijani yaitwayo maorki, hatukuwa nao hata mmoja, na vita bila adui ni gwaride. Lakini mbele ya nyumba kulikuwa na majamvi ya karafuu zinaanikwa. Itazame karafuu kavu kwa makini: ina kichwa, ina shingo, ina kiwiliwili chembamba. Ork mzima huyo! Tukawa na jeshi la maorki lisilohesabika, na makonyo ndiyo miti ya msituni. Ukimuua adui unamtafuna. Mshindi tulimjua kwa kunukia mdomo. Bibi naye alijua, kwa mzani, siku ya kwenda kuuza.

Rangi? Kijana wangu ana vichupa arubaini vya rangi, kila kimoja kina jina la kifalme. Sisi tulianza na hina ya dada, haikushika kwenye risasi, ikashika vidole vyetu, tukaenda skuli kama maharusi. Baadaye tukapata rangi ya ngalawa, ya buluu, mabaki ndani ya kopo. Nzito kama uji. Ukimpaka askari mara mbili uso unapotea. Ikafika mahala askari wangu wote hawana macho, na bado walikuwa wakilenga vizuri kuliko wa kaka.

Na walikuwa wazuri, yakhe. Kofia zao zilichongoka mbele, sisi tukiwaita makasuku. Miguu wameipanua kama mtu aliyeshuka kwenye baiskeli ya kuazima. Na ngozi zao hazikuwa ngumu hivyo. Mwanzoni kabisa uimara wa askari yule mwenye chuma mwili mzima ulikuwa 3, sawasawa na binadamu wa kawaida, muuza urojo. Wakubwa wao wakaja kuona haya, wakampandisha ikawa 4. Leo huyu wa kijana wangu anahitaji kuuliwa mara mbili, na tangu 2017 wametoa wengine warefu zaidi, wamejazia mabega. Nikamweka kasuku wangu ubavuni pake. Mtoto na mjomba wake.

Maana ninaye bado mmoja. Mkono hana, alikuwa chini ya cherehani.

"Wengine wako wapi?" kijana akauliza.

Nitafika hapo, usinikimbize.

Kitu kilichonifanya nikipende kitabu kile ni kwamba kilijua hakijatosha. Waliokitunga wakawaambia watu: tengenezeni wenyewe. Wao wenyewe walifundisha kutengeneza kifaru kinachoelea hewani kwa kichupa cha dawa ya kwapa! Wallahi. Tulipoiona picha ile tukasema hawa ni ndugu zetu. Sisi ndio tuliokuwa tukiunda magari kwa makopo na magurudumu ya ndara. Dawa ya kwapa Wete wakati ule alikuwa nayo nani? Tukachukua kopo la poda la dada, tukatia vijiti, kifaru tayari. Kila kikigongwa kinatoa moshi mweupe wa kunukia. Hakuna kifaru cha duka kinachoweza hilo. Hata toleo la pili la mwaka 1993 lilikuja na mashine kubwa ya maorki iliyokatwa kwa kadibodi. Kadibodi! Walikuwa bado na utu.

Kufika 2023 walikuwa wameshafika toleo la kumi. 2014, 2017, 2020, 2023: hesabu mwenyewe, kila miaka mitatu kama kuku anayetaga kwa kalenda. Na katikati ya hapo, kijana ananiambia, pointi, yaani thamani ya kila askari, zinabadilishwa kila miezi michache, unaangalia kwenye simu. Askari uliyelala naye jana kwa pointi themanini leo kaamka tisini, na hajafanya lolote. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64. Babu kacheza hivyo, kazikwa hivyo, na mie nacheza hivyo. Hajatokea mtu kubisha hodi: "Samahani wazee, sasa ni kete sabini, na hizo za zamani haziruhusiwi." Angepigwa na bao lenyewe.

Halafu kulikuwa na wale wafupi wenye ndevu, Squats. Wakafutwa miaka ya tisini, kimya, hata matanga hawakuwekewa. Mwaka 2022 wamerudi na jina jipya, Votann, mali zao, silaha zao. Na sisi tunao hapa waliokwenda Maskati wakarudi hivyo hivyo, lakini angalau wao walituletea haluwa.

Turudi kwa askari wangu. Kitabu kile kilitaka mtu wa tatu, mwamuzi, asiye upande wowote, anayetunga kisa na kukata shauri. Mwamuzi wetu alikuwa ami. Ami ni mvuvi, na kusi likichafua bahari yeye huwa yuko nyumbani anashona nyavu. Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Lakini alikuwa na kanuni yake moja: upande wa kushoto wa jamvi ni pwani. Ikifika saa ya maji kujaa, maji ya kweli ya bandarini, anasema bila kuinua kichwa: "Maji yamejaa." Wote walioko kushoto wamekufa.

Kaka alilia siku moja. "Ami, hii ni sayari ya mbali!"

Ami akauliza, "Huko hakuna mwezi?"

Kitabu kizima tulikipekua. Miezi ilikuwapo.

Kusi likaisha, bahari ikatulia, na mjini hakuna chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, hata la kuazima. Siku hiyo natoka chuoni namkuta ami kachutama mbele ya seredani, sufuria ya bibi inatokota kitu cheupe kinachong'ara. Mkono wa kasuku ukazama mbele ya macho yangu. Askari 22, mwanangu. Sufuria ile baadaye ilipikiwa nini sikuuliza na sitaki kuambiwa.

"Ami, askari wangu!"

"Wamekwenda baharini," akasema. "Vita ni vita."

Jioni akaleta chewa mkubwa. Nimekula nalia. Alikuwa mtamu, hilo sifichi.

Basi juzi kijana katandika jeshi lake barazani, mashine zake za thamani kazipanga kushoto, mie upande wangu nina kasuku mmoja asiye mkono na chubwi moja, nililoliomba kwa ami miaka hiyo.

"Hiyo nini, mjomba?"

"Kikosi cha watu kumi. Wamekaa karibu karibu."

Akatafuta kwenye simu. Haimo. Akatafuta tena, bando likaisha. Tukakosa wa kutuamua. Ami yupo kwenye kiti chake, mzee sasa, macho yana ukungu, bakora magotini. Nikamwambia, "Ami, shikamoo, tuna kesi."

"Marahaba. Wapi pwani?"

"Kushoto."

Ami akageuza uso kuelekea bandarini, akanusa kidogo.

"Maji yamejaa," akasema. "Tena leo bamvua."

Kijana akazitazama mashine zake, miezi minne ya kupaka rangi. Akanitazama mie. Akamtazama ami. "Na hilo chubwi lake? Nalo si liko kushoto? Nalo si limezama?"

"Chubwi," ami akasema, akinyoosha mkono kupokea kikombe, "liko kazini."