Nimelipa dola 25 kulamba mlango

Jamani mpaka saa hizi naandika hapa mdomo wangu una ladha ya mlango. Mlango kabisa, ule mpya, kabla haujapigwa vanishi. Nimepiga mswaki mara mbili, nimekunywa chai ya tangawizi, nimekula ndizi, lakini nikipumua tu nasikia duka la fanicha. Na haya yamenikuta mimi, mtu mzima, baba wa watoto watatu wanaonijibu kwa Kiingereza, fundi seremala niliyekula vumbi la mbao kule Keko, Dar es Salaam, miaka tisa bure bila mtu kunidai hata senti. Jana usiku hapa Louisville, Kentucky, vumbi lile lile nimelichangia hela.

Ilianza Ijumaa. Nimetoka shifti ya usiku, mgongo umekufa, barafu imeganda kwenye kioo cha gari na kile kikwangulio mtoto alikifanya upanga kikavunjika, kwa hiyo nakwangua kwa kadi ya benki (kwa hali ilivyo mwezi huu hiyo ndio kazi pekee kadi yangu inayoiweza), simu ikalia. Shemeji, kaka yake mama watoto. "Shem, kesho jioni njoo kwangu, kuna kinywaji cha maana, toleo maalumu, zimetoka chache." Sasa mimi "njoo kwangu kuna kinywaji" naielewa kwa Kiswahili, mwenye nyumba anatoa, mgeni anakunywa, halafu mgeni anaenda kusema njiani kwamba nyama ilikuwa ngumu. Ndio utaratibu wetu. Dakika kumi baadaye ukaingia ujumbe: "Mchango dola 25 kwa kichwa." Nikasoma tena. Mchango! Nikamuuliza mama watoto kama kuna mtu anaoa, akasema hakuna anayeoa, na kwa kuwa nimeshaamka hebu nikaangalie kile kitanda.

Kitanda tutakifikia.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni nikavaa koti langu la misiba na harusi, mama watoto akanishusha mlangoni. Ndani tuko wanne. Shemeji, msimamizi wake wa kazini ambaye ni Mzungu mpole mwenye ndevu za heshima, mimi, na mzee mmoja wa Bukavu, Kongo, anayekaa ghorofa ya juu, tunamwita Papa, ambaye nadhani alishuka akitegemea kuna nyama. Hakuna nyama. Mezani kuna biskuti kavu za chumvi, maji, vijiglasi vimebanwa shingo, na kila mtu kawekewa kadi na kalamu. Kalamu! Mimi mara ya mwisho kuona kalamu kwenye pombe ilikuwa ya mama muuza, anaandika deni langu kwenye daftari.

Shemeji akaenda chumbani akarudi na chupa ameikumbatia kama ametoka nayo leba. Jina la kampuni silitaji maana sina hela ya wakili. Ni bourbon, aina ya wiski, ndiyo pombe ya huku, huku mapipa ya bourbon ni mengi kuliko watu, sio utani, jimbo lina watu milioni nne na kitu na mapipa yanawazidi. Hii ya jana ina herufi na namba tu, kama namba ya gari. Nikamwambia shemeji mbona kama bajaji imesajiliwa, akasema ndio mtindo, hata Maker's Mark, kampuni ya bourbon, wale wa nta nyekundu kule Loretto mwaka 2019 walitoa moja wakaiita RC6, na 2021 wakatoa FAE-01 na FAE-02, na hiyo FAE ni kifupi cha esta za asidi za mafuta. Watu wazima mmekaa kikao, mna mlima, mna mto, mna farasi wa mbio za Derby, mnaamua pombe iitwe asidi za mafuta.

Halafu akaanza somo. Shemeji yangu akianza somo usimkate, alikosa ualimu na jambo hilo bado linamuuma. Akasema bourbon lazima angalau asilimia 51 iwe mahindi. Nikasema hapo tuko pamoja, bibi yangu alikuwa anapika ya kwake kijijini, na siku mgambo wakija alikuwa anaruka uzio na miaka yake sitini. Huku Bunge la Marekani lilikaa mwaka 1964 likapitisha azimio kwamba hii ni bidhaa ya kipekee ya nchi. Bibi uzio, hawa azimio. Sawa, endelea mwalimu.

Akasema pombe ikishatoka kwenye mtambo inawekwa kwenye pipa jipya la mwaloni lililounguzwa ndani kwa moto, na linatakiwa jipya kila mara, bourbon ikishatoka humo hairuhusiwi kuingia bourbon nyingine, pipa linauzwa, mengi yanavuka bahari kwenda Scotland wakawekee wiski yao. Hapo moyo wangu wa fundi ukauma. Mbao ngumu, zimekatwa vizuri, zimeungwa bila msumari hata mmoja wala tone la gundi na hazivuji, halafu unatumia mara moja! Keko hata maranda hatutupi, yanauzwa kwa wafuga kuku. Akaendelea, kila mwaka pombe inapungua humo ndani, inapita kwenye mbao inaenda hewani, na kiasi kinachopotea wanakiita fungu la malaika. Kwetu pombe ikipungua kwenye chupa anaulizwa shemeji. Nikamtazama, akakohoa, akapita.

Sasa ndio tukafika kwenye toleo maalumu. Pombe ishakaa kwenye pipa la mbao miaka yake. Imeiva. Mtu wa kawaida hapo anafunga kizibo anauza. Hawa hapana, wanafungua pipa, wanatumbukiza ndani mbao nyingine, vibao vya mwaloni vilivyobanikwa, wanafunga tena wanaiacha wiki kadhaa. Maker's Mark waliitoa ya namna hiyo mwaka 2010, ile wanayoiita 46, vibao 10 vya mwaloni wa Ufaransa, kama wiki 9 hivi. Na wana mpango mwingine ambao mnunuzi mkubwa anajichagulia mwenyewe hivyo vibao 10 kutoka aina tano, ukipiga hesabu unapata michanganyiko 1,001.

"Elfu moja na moja," shemeji akarudia, kama yeye ndiye aliyeihesabu.

Nikamwambia shemeji, mimi nimefanya kazi ya mbao. Mteja akija unamuuliza mninga au mkongo, basi, hiyo ndio michanganyiko.

Papa akaweka glasi chini. "Mukongo nani?"

Ikabidi tumweleze kwamba ni mti. Akauliza kwa nini mti uitwe hivyo, nikamwambia sijui Papa, ni mti mzuri sana, mgumu, hauliwi na mchwa. Akafikiria. "Basi, iko sawa." Akaupokea kama sifa ya taifa.

Akamimina. Jamani, akamimina kiasi ambacho mama muuza angekupa kama kilichobaki kwenye kifuniko. Nikaomba barafu, shemeji akanikazia macho. Nikaomba hata Stoney Tangawizi nichanganyie, akamgeukia bosi wake akacheka kicheko kile cha kuomba radhi kwa ajili ya ndugu. Tukaambiwa tunuse kwanza, mdomo wazi kidogo. Ina kilevi asilimia 55 hii kitu. Nikanusa. Machozi yakatoka, pua zote mbili zikazibuka, na mafua niliyokuwa nayo tangu Krismasi yakaaga.

"Unapata nini shem?"

"Napata nafuu."

Mzungu akafumba macho, akasema anapata karameli, vanila, mdalasini na kiti cha ngozi cha zamani. Akaandika. Shemeji akasema na yeye anapata kiti. Papa akanusa, akanusa tena, akazungusha glasi kama alivyoona wenzake wakifanya. "Mi nasikiaka mbao tu, ndugu yangu."

Haya, onja. Usimeze haraka, shemeji akasema, itafune, watu wa Kentucky wanaitafuna. Kwa hiyo fikiria wanaume wanne wenye familia wamekaa kwenye apatimenti wanatafuna maji, nyam nyam nyam, hakuna nyama, mimi nimevaa koti. Na niseme ukweli, mwanzo ilikuwa tamu. Tamu kweli, kama muwa uliopitiwa na moto shambani. Nikaanza kumsamehe shemeji zile dola 25. Halafu mbao zikafika. Ulimi ukakauka wote mara moja kama umepigwa msasa namba 80, fizi zikavutana, joto likashuka kifuani likatulia (hilo joto nalo lina jina, wanaliita kumbatio la Kentucky), na nyuma kabisa, kwenye koo, ikaja harufu ambayo niliijua kabla sijaikumbuka.

Mnajua msumeno wa mashine ukiwa butu? Mbao haikatiki, inasuguliwa, inapata moto, pembeni inakuwa nyeusi na inatoka harufu tamu tamu hivi kama sukari inayoungua. Ndio hiyo. Shemeji akaeleza kwamba mwaloni ukipata moto unatoa kitu kile kile kilichomo kwenye vanila, na sukari za ndani ya mti zinaungua zinakuwa karameli, ndiyo maana wanavibanika vile vibao. Mimi sina haja ya kuelezwa. Mwaka wangu wa kwanza Keko niliunguza mbao ya mninga namna hiyo, ya mguu wa meza ya watu, na mzee aliyekuwa ananifundisha kazi akaja nyuma yangu, akanusa, hakuangalia, alinusa tu, akanichapa kibao. Nilipigwa kibao kwa sababu ya kibao. Na leo ile harufu niliyopigiwa imewekwa kwenye chupa ya dola 70, zaidi ya laki na nusu ya kwetu hiyo, watu wanafumba macho wanaandika kiti cha ngozi.

Kwa hiyo na mimi nikaandika. Nikaandika kwa uaminifu, kama mtaalamu: droo ya ofisi ya mtendaji wa kata, jeneza la bei ya kati, dawati la shule baada ya mvua. Shemeji akachukua kadi akasoma, akakataa kumtafsiria bosi. Mzungu akasisitiza, akatafsiriwa, akacheka mpaka akapaliwa, akasema dawati na yeye analipata. Shemeji hapo hapo na yeye akaanza kulipata dawati.

Hapo ndio nikakasirika, sijui ni ile asilimia 55 au ni nini. Nikasimama. Nikamwambia shemeji, nieleze kitu kimoja, pipa ni la nini? La mbao. Pombe imekaa kwenye mbao miaka. Sasa mmeongeza mbao za nini? Pombe ilisahau? Ni chai imeshachemka na majani, unaimimina kwenye chupa unaweka majani mengine, halafu unaniambia ni toleo maalumu na vijana watapanga foleni nje ya duka alfajiri kwenye baridi hii. Na hesabu nyingine, tuko wanne, dola 25 mara nne ni mia, chupa ni 70, dola 30 ziko wapi? Kila kamati ina mhasibu. Zimeenda wapi?

Kimya. Biskuti zile ni za dola nne, niliziona bei.

Papa akamalizia tone lake, akafuta mdomo. "Ile ni fungu ya malaika."

Nimempenda yule mzee.

Mama watoto alipokuja kunichukua alishusha kioo cha gari hata sijaongea. "Umetoka kuranda?" Njia nzima hakusema kingine, na mimi najua ukimya huo unahusu nini. Kitanda. Tulikinunua kwenye kifurushi, duka silitaji, unajifungia mwenyewe kwa kile kifunguo cha mkono mmoja, mbao zake ni vumbi limegandishwa kwa gundi, ukikaza skrubu kidogo linamung'unyuka kama kashata. Mguu mmoja ulivunjika mwezi wa kumi. Kwa sasa upande wangu umeshikiliwa na gunia la mchele, kwa hiyo kila wanavyopika mimi nashuka. Jana walikuwa wamepika pilau.

Basi saa sita usiku, fundi wa Keko, nina koti, niko chini ya kitanda na tochi ya simu, natafuta skrubu, simu ikaanza kulia mkononi. Binamu, kutoka Mlandizi, kwao ni saa mbili asubuhi. "Kaka, umeamkaje?" Nikasema nimeamka. Akasema nyumba imefika lenta, sasa ni kupaua, ila mbao zimepanda bei kweli kweli, kama ningeweza kumsaidia hata kidogo.

Nikanyamaza. Nikameza mate, mlango ukanirudia kooni.

Nikamuuliza anataka mbao za aina gani. Akasema zozote tu kaka, mbili kwa nne. Nikamuuliza tena, za kubanikwa au za kawaida? Simu ikawa kimya kidogo, halafu nikamsikia anamwambia mtu pembeni, huyu amelewa. Nikamwambia subiri nimeona skrubu, kumbe ni mbegu ya tende.