Simba wa Mwanjelwa kafutwa, mnasema si wa makumbusho

Kuna baa pale Mwanjelwa, Mbeya, ilikuwa na simba ukutani. Kope ndefu kama bibi harusi, miguu mitatu inaonekana, wa nne umejificha nyuma ya kreti la bia, Mlima Loleza kwa mbali. Wiki hii wamemfuta. Ukuta mzima ni rangi za kampuni ya simu na bei za vifurushi. Nikalalamika kwenye kundi letu la WhatsApp, jamaa mmoja akanijibu: "Kaka, ile ni picha ya baa, si ya makumbusho."

Haya, tuongee makumbusho.

Januari 2022, Nairobi, taasisi ya sanaa ya NCAI (Nairobi Contemporary Art Institute) ilifungua ukumbi wake kwa onyesho la Sane Wadu, kazi zake tangu miaka ya 1980. Alikuwa mwalimu, akaacha chaki akashika brashi. Watu wakamwona kichaa, naye akajiita Sane, kwa Kiingereza mwenye akili timamu. Na yu hai, kajionea mwenyewe. Mwanzilishi wa taasisi hiyo ni Michael Armitage, mchoraji Mkenya anayetamba London. Alipopewa kumbi za Royal Academy, taasisi kubwa ya sanaa huko London, mwaka 2021, aliingiza humo kazi za wakubwa zake wa Afrika Mashariki: Wadu, Theresa Musoke, Elimo Njau mzaliwa wa Kilimanjaro.

Onyesho la namna hiyo halianzi siku ya hotuba na juisi. Linaanza miaka 30 nyuma, pale mtu anaponunua picha, akaitunza, akaandika nyuma yake jina na mwaka. Asipokuwepo mtu huyo, utatundika nini? Mtazameni mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, huku huku kusini. Alichora miaka michache tu kabla ya risasi ya polisi kumuua mwaka 1972. Alitumia rangi za kung'aa juu ya vibao vya hadibodi, vyepesi kubeba, na kweli vikabebwa! Leo ukitaka kuona mkono wake mwenyewe, achana na waliomuiga, huenda ukahitaji pasipoti.

Fundi wa yule simba nilimtafuta nikampata. Anachora saluni, migahawa, vibao vya shule, magari. Nikamuuliza kama ana picha za kazi zake za zamani.

"Zilikuwa kwenye simu, braza. Ikaibiwa Kabwe."

Mwizi wa Kabwe ndiye mtunza kumbukumbu wa sanaa ya Mbeya. Hongera zetu.

Najua mtakachosema: Nairobi kuna hela na wanunuzi. Sawa, ni kweli. Na zahanati nazo zina shida zake, sawa. Lakini nani kaomba bilioni? Iringa wana Boma, jengo la Mjerumani lililogeuzwa makumbusho mwaka 2016, na mimi nalipenda. Kalenga, karibu na Iringa, kuna fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954. Cha marehemu tunakitunza vizuri sana. Mchoraji aliye hai anaambiwa asubiri, na akisubiri sana anapigwa rangi nyeupe.

Mbeya tutafute chumba kimoja. Daftari la nani kachora nini, wapi, lini. Kila mwaka tununue vibao viwili vitatu kwa mafundi wa mtaani, kwa bei ya haki, si ya "tutakutangaza". Na siku ya kufungua, mgeni rasmi asizidishe dakika 5.