Mashine Ikisema "Hakuna", Muulize Aliyeiwasha

Kabichi zilitoka Lushoto usiku, zikashushwa hapa Tanga alfajiri, na sampuli yake ikanifikia saa tatu asubuhi. Mwenye mzigo alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa ya haki: kabichi haingoji, na mnunuzi alitaka karatasi ya maabara kabla hajatoa pesa. Mkuu wangu wa wakati ule alikuja mlangoni mara mbili kuuliza tumefikia wapi. Saa kumi jioni karatasi ikatoka. Mbele ya kila kiuatilifu, yaani dawa ya kuua wadudu shambani, tulichokitafuta paliandikwa neno moja, "hakuna". Chini yake ipo sahihi yangu.

Keshokutwa yake nikapata uhakika kwamba mashine yetu ya kupimia, spektromita ya masi, ilikuwa inaingiza hewa.

Sijaisahau siku ile, na ndiyo inayonifanya niandike leo. Watu wakizungumzia usalama wa mashine hizi hutaja mitungi ya gesi, umeme mkali na kemikali za sumu. Ni kweli, na nitafika huko. Lakini hatari niliyoishuhudia mimi ilimwangukia mtu asiyejua hata maabara yetu iko mtaa gani, mama aliyenunua kabichi Ngamiani akaenda kuwapikia wanawe. Mashine inayoumwa hailii. Inaendelea kuchora grafu safi na kusema "hakuna". Ndiyo maana nashikilia kwamba mtu anayeiendesha lazima awe na mamlaka ya kusema "leo hapana", na mamlaka hayo yaandikwe, yasingoje huruma ya mkuu wa siku hiyo.

Kwa asiyeijua, spektromita ya masi ni mizani ya vitu vidogo kupita kiasi. Yetu ni ile ambayo maabara tunaiita GC-MS. Sampuli inageuzwa mvuke kwenye joto la nyuzi 250 hivi, inasukumwa na gesi ya heli ndani ya mrija mwembamba wa mita 30, na vilivyomo vinaachana njiani, kila kimoja kinatoka kwa wakati wake. Mwisho wa mrija kuna filamenti, uzi mwembamba unaowaka kama wa balbu za zamani, unaotoa elektroni. Elektroni zinaigonga molekuli, inapata chaji na kuvunjika, na vipande vyake vinapimwa kimoja kimoja.

Mgeni akija kujifunza huanza naye kwa karafuu. Msichana mmoja wa mafunzo kwa vitendo, mwenyeji wa Muheza, aliwahi kuleta konzi moja kutoka shambani kwa bibi yake. Tukaziloweka kwenye kiyeyushi, tukachuja, tukaingiza maikrolita moja tu. Baada ya dakika chache kilima kikainuka kwenye skrini. Tukakibofya, na namba 164 ikasimama juu ya nyingine zote, kama mnazi mmoja katika shamba la mihogo. Nikamwambia, hiyo ndiyo eujenoli, ndiyo harufu ya karafuu uliyokua nayo. Na ile 149 pembeni ni molekuli hiyo hiyo iliyodondosha kipande cha uzito wa 15. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Dada, kumbe harufu ina uzito?"

Ina uzito. Na ili uzito huo upimike, kipande kinatakiwa kipite ndani ya mashine bila kugongwa na kitu. Hapo ndipo linapokuja suala la ombwe, yaani nafasi iliyonyonywa hewa. Fikiria unapita sokoni siku moja kabla ya Idi. Huwezi kwenda hatua tatu bila kupigwa kikumbo. Sasa fikiria barabara hiyo hiyo saa tisa usiku. Pampu zetu zina kazi ya kuifanya iwe saa tisa usiku muda wote. Moja ni ya mafuta, iko chini ya meza, inanguruma mchana na usiku. Nyingine ni turbo, ambayo mapanga yake huzunguka mara elfu 60 au zaidi kwa dakika. Zikifanya kazi sawasawa, hewa inayobaki ndani haifiki hata sehemu moja ya milioni kumi ya hewa tunayovuta sisi.

Kwa hiyo adui wa kwanza ni hewa, na hewa ina namba zake. Maji ni 18. Naitrojeni ni 28. Oksijeni ni 32. Kila asubuhi, kabla ya sampuli yoyote, tunafungua kidogo kemikali maalumu ya kurekebishia mashine, ambayo vipande vyake tunavijua kwa moyo: 69, 219, 502. Kisha tunailinganisha ile 69 na maji na naitrojeni. Kwenye mashine nyingi za aina hii, naitrojeni ikizidi sehemu ya kumi ya 69, au maji yakizidi sehemu ya tano, usiendelee. Ikiwa 28 na 32 zimepanda pamoja, kuna mahali hewa inaingia. Unazunguka na mrija wa gesi ya argoni, unapuliza taratibu kwenye kila kiungio, jicho likiwa kwenye namba 40, ambayo ndiyo yake. Ikiruka, umeshaupata ufa.

Ufa wetu wa siku ile ulikuwa kwenye nati moja. Jana yake nilibadilisha ule mrija wa mita 30, nikakaza nati inayouingiza kwenye mashine, nikaona imekaa. Kinachoziba pale ni kipete kidogo cha grafiti kilichochanganywa na plastiki ngumu ya kuhimili joto. Kipete hicho kikipashwa moto na kupoa hujikunja, na nati iliyokuwa imekaza asubuhi inakuwa imelegea usiku. Dawa yake ni kukikaza tena kidogo baada ya kupita mizunguko michache ya joto. Mimi nililijua hilo. Asubuhi ile nilipoiona 28 iko juu, nilisema mashine inahitaji nusu siku. Nikajibiwa kwamba mteja amekaa kwenye benchi nje. Nikakubali.

Ukiingiza hewa, mashine haifi hapo hapo. Inapoteza uwezo wa kuona vitu vidogo. Vikubwa inaviona, vidogo vinazama kwenye kelele za chini ya grafu, na mabaki ya viuatilifu ni vidogo kwelikweli. Tunazungumzia sehemu chache za milioni za gramu katika kilo nzima ya mboga. Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu. Sikupitisha sampuli ya kujipima, ile tunayoitia kiuatilifu wenyewe kwa kiwango cha chini kabisa tunachodai kukiona. Ingechukua dakika 25. Kama ningeipitisha, mashine ingeshindwa kuiona mbele ya macho yangu, na hapo nisingeweza kuandika "hakuna". Neno la kweli lingekuwa "sikuona".

Tulipokaza nati, tukaisubiri mashine ivute usiku kucha, na kupitisha tena kilichobaki kwenye friji, viuatilifu viwili vilionekana. Kimoja kilikuwa juu ya kiwango kinachoruhusiwa. Tulimpigia mteja, tukamweleza, tukaiondoa ile karatasi. Kabichi zilikuwa zimeshaliwa.

Huwa namfikiria J. J. Thomson, yule wa Cambridge. Mwaka 1913 alikuwa akipima gesi ya neoni kwa chombo ambacho ndicho babu wa mashine hizi, akaona mistari miwili, mmoja kwenye 20 na mwingine kwenye 22. Huo wa pili haukuwa na maelezo. Angeweza kuutangaza papo hapo. Badala yake alijiuliza isije ikawa ni hewa ya ukaa, ambayo uzito wake ni 44, iliyobeba chaji mbili ikaonekana kama 22. Akaipitisha gesi yake kwenye baridi kali ya hewa iliyogeuzwa kimiminika ili hewa ya ukaa igande na kubaki njiani. Mstari wa 44 ukafifia, wa 22 ukabaki. Msaidizi wake Francis Aston akaunda chombo bora zaidi mwaka 1919, na mwaka 1922 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Mimi kinachonishika ni kile kitendo cha Thomson cha kukishuku chombo chake kabla ya kuwaambia watu alichokiona.

Hapa Tanga tuna mashaka mengine ambayo vitabu vya mashine haviyaandiki kwa kirefu. Umeme unakatika. Turbo inapunguza mwendo, hewa inaanza kurudi, na ndani bado kuna joto la nyuzi 230. Hewa na joto vikikutana, sehemu ile ya kutengenezea ioni, yaani vile vipande vyenye chaji, inababuka, na filamenti ikiwa inawaka inakatika. Ukitaka kuizima kwa hiari yako unazima joto kwanza, unangoja ishuke chini ya nyuzi 100, ndipo unaruhusu hewa iingie. Na ukiweza, iingie naitrojeni kavu badala ya hewa ya chumbani. Umeme ukikatika ghafla huna nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo betri ya UPS yenye uwezo wa kuibeba mashine pamoja na pampu zake ni sehemu ya mashine yenyewe. Na umeme ukirudi, usikimbilie swichi. Ngoja utulie.

Halafu kuna unyevu. Wakati wa masika hewa ya Raskazone, huku ufukweni Tanga, unaweza kuikamua. Mashine ikifunguliwa siku hizo, maji yananata kwenye kuta za chuma ndani na hayabanduki kirahisi. Namba 18 inashuka kwa kujivuta, na saa nne zinazotajwa na kitabu kwetu zinakuwa usiku mzima. Usipoandika hilo kwenye ratiba, mtu atakuja kukuuliza kwa nini unachelewesha kazi.

Na mikono. Anayefungua mashine avae glovu zisizo na unga, na asubuhi hiyo asijipake losheni. Losheni nyingi zina silikoni, na silikoni inaacha nyayo zake: 73, 207, 281. Alama ya kidole kimoja kwenye chuma cha ndani utaiona kwenye grafu kwa siku kadhaa.

Nilisema nitafika kwenye mitungi. Mtungi wa heli wa lita 50 huja na mgandamizo wa bar 200 hivi. Ukianguka na shingo ikavunjika, ni kombora. Ufungwe kwa mnyororo ukutani hata kama "ni wa dakika mbili tu", na unapohamishwa uwe umevikwa kofia yake na uko juu ya toroli. Heli haina sumu wala harufu, lakini ikijaa kwenye chumba kilichofungwa kwa ajili ya kiyoyozi inaisukuma oksijeni nje, na mtu anaweza kuanguka bila kuhisi kitu. Siku hizi maabara nyingi zinafikiria haidrojeni kwa sababu heli imekuwa ghali. Inafanya kazi, ila inaweza kuwaka ikifika asilimia 4 tu ya hewa, na inaendelea kuweza kuwaka hadi asilimia 75. Asiyekuwa na kigunduzi cha uvujaji asiiguse. Mwaka 2016 wanasayansi wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kuwa chini ya bonde la Rukwa kuna heli nyingi. Natamani siku moja nifunge kwenye mashine yangu mtungi uliojazwa kutoka Rukwa.

Moshi wa ile pampu ya mafuta nao utolewe nje kwa bomba. Kila tulichokiingiza ndani ya mashine kinatokea pale, na mara nyingi pampu iko miguuni kwa mtu anayekaa hapo kwa muda wa saa nane. Viyeyushi vilivyotumika viwekwe kwenye chombo chake chenye lebo. Sinki la maabara yetu linaelekea baharini, na bahari hiyo ndiyo inayotupa changu na dagaa.

Yote haya yanataka pesa, na hapo nina ugomvi na namna tunavyonunua. Mashine inapokelewa kwa picha na keki. Mwaka wa pili hakuna fungu la mafuta ya pampu, hakuna filamenti ya akiba, mtungi wa mwisho unasoma bar 10, na fundi ni wa kutoka mbali: waja leo, waondoka leo. Kwa maoni yangu, mashine isisainiwe mpaka gesi, betri, vipuri na mafunzo ya watu wawili, si mmoja, vya miaka mitatu viwe kwenye hesabu ile ile. Kama pesa hazitoshi, tununue mashine ndogo zaidi, tuihudumie vizuri.

Maabara ninakofanya kazi sasa kuna karatasi mlangoni, yenye sahihi ya mkuu, inayosema kwamba namba za asubuhi zikizidi kipimo aliyeko zamu anasimamisha kazi na hahitaji kumwomba mtu ruhusa. Wiki iliyopita mvua ilinyesha usiku kucha na umeme ukakatika kwa muda mrefu kuliko betri. Nilipofika asubuhi nilimkuta yule binti wa Muheza, siku hizi ameajiriwa, ameketi mbele ya skrini. Nje watu wawili wanangoja na viroba vyao vya mchicha.

"Shikamoo dada. Kumi na nane bado iko juu. Nimewaambia waje kesho."

Nikaweka mkoba, nikatoka kwenda kuwaeleza wale watu sababu.