Maji Yamekufwa

Tumerudi Goma Jumapili. Jumatatu saa tatu asubuhi motari mmoja wa Birere, mtu ambaye sijawahi hata kupanda pikipiki yake, akaniuliza eti mnazi ni mgumu kupanda? Nikajua rafiki yangu (jina ninalo, na pesa ya tiketi niliyomkopesha bado hajarudisha) ameshatuma video katika kila kikundi cha WhatsApp. Sawa. Sasa msikilize mwenye mnazi.

Kwanza masahihisho. Anasema nilifika juu kabisa. Uongo, nilifika kimo cha mlango. Anasema nilipiga kelele "Nyiragongo!", jina la volkano yetu, mara tano. Zilikuwa mbili.

Tulifika Paje, Zanzibar, saa kumi jioni, bahari imejaa mpaka inalamba ngazi za hoteli. Mimi mtoto wa Himbi, nimefundishwa kuogelea na Ziwa Kivu lenyewe, nikajitupa na nguo za safari. Nikawaambia wenzangu, "Hii ni ziwa tu, wameitia chumvi." Wekeni maneno hayo pembeni, yatanirudia. Usiku mwezi mpevu, tukala pweza, tukalala majogoo wanaamka.

Nikafumbua macho saa nne asubuhi. Nikavaa kaptura ya ndani peke yake, nia yangu nipige mbizi moja kabla ya chai. Nikafungua mlango. Bahari hakuna.

Sisemi ilipungua. Nasema hakuna. Mchanga mweupe, mabwawa madogo madogo, mashua zimelala ubavu kama mbuzi waliochoka, na maji yenyewe mstari mwembamba huko mbali, karibu kilomita. Ndugu zangu, Kivu ukiliacha hapa jioni, asubuhi unalikuta hapa hapa. Halina tabia ya kutembea usiku.

Sasa nyinyi mnaocheka mko Kinshasa, hamjui. Mtu wa Goma haulizi, anakimbia kwanza, maswali ni ya huko mbele. Tarehe 22 Mei 2021 nilikimbia volkano usiku na godoro kichwani. Siku tano baadaye serikali ikatuhamisha, nikakimbia tena na godoro lile lile. Na redioni nilishasikia habari ya tsunami ya Desemba 2004, jinsi sehemu nyingine bahari ilivyorudi nyuma kwanza, watu wakaenda kuokota samaki. Mimi si wa kuokota samaki.

Hata hivyo nilijikaza. Kulikuwa na mlinzi getini, nikamwuliza kwa adabu, "Papa, maji imeenda wapi?"

Akanijibu bila kuinua macho kwenye simu yake, "Maji yamekupwa, bwana."

Mimi nikasikia *yamekufwa*.

Kwetu kufwa ni kufa. Maji yamekufa! Na sisi tunaojua gesi iliyo chini ya Kivu, sisi tunaojua mazuku, ile hewa inayolala mabondeni inaua mbuzi na mchungaji wake, ukituambia maji yamekufa hatuhitaji ufafanuzi. Nikachomoa jaketi la kuelea la rangi ya machungwa kwenye rundo la vimtumbwi vya wageni, nikalivaa juu ya kaptura, nikaingia kwenye ukumbi wa chai: "Mutoke! Mukimbie ku mulima! Maji imekufwa!" Hapo ndipo Nyiragongo wa kwanza aliponitoka.

Wazungu walikuwa kwenye mayai. Mzee mmoja aliinuka na pasipoti yake mkononi, namheshimu mpaka leo. Wengine wakadhani ni ngoma ya kukaribisha wageni, wakapiga makofi.

Nikatoka kutafuta mlima. Wapendwa, Paje haina mlima. Nimegeuka kushoto, nimegeuka kulia, nchi ni sahani. Kitu kirefu pale ni mnazi. Nikaukumbatia.

Hapa niende polepole, maana ndiyo sehemu anayoirudia kwenye video.

Mnazi hauna tawi. Kwenye picha nao hauna, ila ubongo haukunikumbusha. Unapanda kwa tumbo. Jaketi likapanda hadi masikioni, kaptura ikabaki nyuma kidogo, magamba ya mnazi yakawa yananisoma kifuani kama vipofu wasomavyo. Nilipofika kimo cha mlango nguvu zikaisha. Juu siwezi. Chini, mapaja yanasema hapana. Nikafumba macho nikisubiri wimbi.

Badala ya wimbi nikasikia nyayo mchangani. Nikafumbua jicho moja. Kina mama saba hivi, buibui na kanga, kamba begani, magunia ya mwani kichwani, wanatoka huko huko baharini, kwenye mashamba yao. Wakasimama. Wa mbele, mtu mzima, akanitazama kwa upole.

"Hujambo, mwanangu?"

Adabu ni adabu. Nikiwa kule juu nikajibu, "Shikamoo," neno nililofundishwa jana yake.

"Marahaba. Unatuangulia dafu?"

"Mama, bahari imekimbia! Itarudi na hasira!"

"Itarudi," akasema. "Saa kumi utaikuta hapo kwenye ngazi. Mwezi mpevu huu, bamvua, maji hujaa sana na kutoka sana. Maji yamekupwa tu, baba."

Akalitamka taratibu. Kup-wa. Kumbe ni maji kurudi nyuma tu, kisha yanajaa tena. Na ndiyo hapo, kabla aibu haijanifikia vizuri, kaptura ikamaliza safari yake.

Kina mama wakageuza nyuso kwa heshima, wote kwa pamoja, mabega yakitetemeka. Rafiki yangu hakugeuza simu.

Alinishusha mkwezi, kijana mdogo, kamba miguuni. Alinipita kama ngazi, akanishika kwapa. Saa kumi kasoro nilikaa kwenye ngazi kuhakikisha. Yakaja kimya kimya, yakanilowesha vidole. Siku zilizobaki nilikwenda kila walikokwenda wengine: Kizimkazi kuangalia pomboo, Changuu kuangalia kobe, mmoja wao alinitazama kama mtu aliyeiona video. Kifua kinapona na mafuta ya nazi. Ndiyo, ya nazi.

Jana nimeshuka Kituku. Watoto wanateka maji, mmoja akaweka bidoni chini, akaniita yaya, yaani kaka: "Yaya, angalia vizuri, ziwa ingali iko?"

Nimemtukana kidogo. Halafu, haki ya Mungu, nikageuka kuangalia.