Nyumba ya Mawe, Haina Mgogoro

Jamani, yule dalali kanitumia picha nyingine sasa hivi, na matope ya jana bado yako kwenye viatu.

Tangazo lilisema: nyumba ya mawe, ya kizamani, Kibosho, dakika kumi kutoka lami, mlima unaonekana, maji yapo, haina mgogoro, bei maongezi. Mimi mtu mzima ninayechangia Luku na wapangaji wenzangu sita, mmoja ana pasi inayokula uniti zetu wote, nikaona Mungu kanikumbuka. Nikavaa koti. Mnunuzi wa nyumba ya mawe haendi kama saidia fundi.

Elfu kumi ya kuoneshwa, nikatoa. Dakika kumi kumbe ni za bodaboda, tena akiwa anashuka. Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, sikuuona. Julai hii wingu limekaa juu yake kama mfuniko wa sufuria. Maji ni mfongo, yaani mfereji wa kijiji, na zamu ya nyumba hiyo ni usiku.

Ila kuta! Mawe meusi yamechongwa moja moja, unene dhiraa nzima. Nikaanza kugongagonga kwa kidole, namna ya watu wenye hela. Nikauliza kwa sauti nzito, "Msingi wake ukoje?"

"Kamuulize baba mkwe wangu aliyeuchimba," sauti ikajibu migombani. "Yuko hapo nyuma."

Akatokea bibi na panga la kukatia majani ya ng'ombe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu." Akalitazama koti. "Msiba ni wa nani?"

Nikasema nimekuja kuona nyumba inayouzwa.

"Anauza nani?"

Nikamgeukia dalali. Dalali yuko kwenye simu ambayo haikuita.

Bibi akanishika mkono, akanizungusha nyuma. Huyu baba mkwe. Huyu mume wangu. Huyu shemeji, hakupenda wageni hata alipokuwa hai. Makaburi yana vigae kuliko choo ninachopanga! "Sasa ukinunua," akasema, "Desemba wanangu wakija kuwasalimu hawa, wapitie sebuleni kwako?"

Kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, ndugu zangu. Na hata ukoo ukiridhia, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakusubirisha kwa halmashauri ya kijiji. Nikambana dalali. "Bosi, kuna mjukuu yuko Dar, ameshakubali."

Mjukuu! Mmoja! Kumbe kweli ilikuwa haina mgogoro. Mgogoro tumeupandisha sisi kwa bodaboda, na nauli nimelipa mimi. Hivi mama wa nyanya pale soko la Mbuyuni umewahi kumsikia akinadi nyanya hazina mgogoro?

Bibi akanionea huruma, akanikatia mkungu wa mshare, ndizi za kupikia mtori. Kwenye daladala konda akasema mkungu umekalia siti, nilipe wawili. Nikalipa. Ukakaa yeye dirishani, mimi nikasimama na koti langu mpaka Moshi mjini. Nafika tu, sijavua kiatu, mwenye pasi kashaleta bakuli la mtori.

Bakuli tupu.